Kulenga kwa Mkono Uliobaki

Jumatatu, 7 Juni 1982

Leo nimeanza. Machimbo ya kokoto upande wa Ganako, ndiko askari wa hifadhi tunakolengea shabaha. Ukungu, baridi ya kukata masikio. Mwalimu ni Tluway, mwanajeshi mstaafu, Mwiraqw mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Alilitazama shati langu, mkono wa kulia umekunjwa na kubanwa kwa pini. Akasema yule mchapakazi amekufa, sasa huyu mvivu wa kushoto aamke.

Bunduki siiwezi tena. Kamanda kasema nikifaulu bastola narudi doria. Nikishindwa, nakaa getini na magari ya watalii. Anadhani naipenda kazi. Mimi namtaka mtu mmoja tu — Olais.

Risasi zote nje ya ubao. Zote! Mbuzi waliokuwa wakila juu ya machimbo hata hawakuinua vichwa.

Alhamisi, 10 Juni

Niandike mara moja tu, yaishe. Siku ile, msituni juu ya kreta, tuliwakuta wamemlaza kifaru, wanakata pembe. Wawili sikuwajua. Wa tatu, mwenye bunduki, Olais. Tulitahiriwa asubuhi moja. Tumekula nyama moja porini miaka yote ya umorani. Akaniona vizuri, nami nikamwona vizuri. Akapiga. Mfupa ukawa unga, daktari akaukata juu ya kiwiko.

Polisi walikuja hospitalini: uliona sura? Nikasema sikuona. Kamanda, jibu hilo hilo. Nanyori mke wangu, hilo hilo. Wakimkamata watamfunga, atakula ugali wa serikali, siku moja atatoka amenenepa. Hapana. Huyu ni wangu.

Leo pia, nje ya ubao. Bastola inaulemea mkono huu mvivu.

Jumapili, 13 Juni

Najaza chupa ya bia maji, nainyoosha mbele mpaka bega linawaka. Napumzika, narudia. Chumba cha kupanga Karatu hakina kazi nyingine.

Nanyori kaja na maziwa. Kanifunga vifungo vya shati bila kuombwa, nikamfokea. Akamalizia cha mwisho. Baadaye akauliza, mbona Olais hajaja kunipa pole, wa rika letu wote wamekuja? Nikamwambia labda ng'ombe wake wanaumwa. Akanitazama kidogo, akaendelea kukata nyama yangu vipande vidogo vidogo. Nakatiwa nyama kama mtoto! Hilo nalo namwekea Olais.

Jumatano, 16 Juni

Tluway kanisimamisha upya. Mguu wa kushoto mbele, bega lielekee ubao, kigutu nikikandamize kifuani kisiniyumbishe. Triga haivutwi kwa nguvu. Inakamuliwa, anasema, kama unakamua ng'ombe mwenye chuchu inayouma. Hapo nikamwelewa, hilo tunalijua toka utotoni. Kubadilisha magazini ya risasi, naibana bastola katikati ya magoti. Kukoki, naisugua kwenye mkanda wa kiuno.

Leo nimeupata ubao! Pembeni, lakini nimeupata.

Aliniambia hasira yangu inafika kwenye triga kabla ya kidole. Huyo unayemlenga, akasema, muache nyumbani, hapa lete jicho tu. Mzee huyu anaona mengi. Nikasema simlengi mtu. Akatema mate chini, akanipa risasi nyingine.

Jumamosi, 19 Juni

Kifuani. Kifuani tena. Nimeupa ubao jina, silisemi kwa sauti.

Jumatatu, 21 Juni

Nimefaulu. Tluway hakunisifu, alisema tu ubao umekufa. Kamanda akaninyooshea mkono wa kulia, akakumbuka, akaona haya, akanishika bega. Nimekabidhiwa bastola yangu na ruhusa ya siku chache nyumbani kabla ya doria.

Kesho napanda lori kwenda kwetu Nainokanoka. Olais hunywesha ng'ombe wake mchana, njia yake naijua. Nitamwita jina ageuke. Nataka anione mimi kama nilivyomwona yeye. Leo chakula kimekuwa kitamu, mara ya kwanza tangu hospitali.

Jumatano, 23 Juni

Nimefika nyumbani jana. Njiani kwa Olais sikwenda. Amekuja mwenyewe.

Ng'ombe wanatoka bomani, namwona anapanda njia, peke yake, anaswaga mtamba mweupe. Hana rungu, hana mkuki. Mkononi majani mabichi, ameyainua juu. Kwetu mtu akikujia na majani anaomba msamaha, na hapigwi. Ukiyapokea, yamekwisha. Ukiyakataa, umejilaani wewe na mifugo yako.

Akasimama mbele ya nyumba. Akasema, huku mama yangu na Nanyori wakisikia: "Rika langu, ni mimi niliyekupiga. Nimewangoja polisi, hawakuja. Nikasikia waliuliza, ukasema hukuona. Nikajua hukutaka kumuuza wa rika lako. Ulinisamehe kabla sijaomba. Ndiyo nimekuja niombe."

Nilimsamehe! Mimi! Nilinyamaza ili nimle mwenyewe, yeye akauokota ukimya wangu akauita wema. Nilitaka kucheka. Nilitaka kumwangusha pale pale aliposimama. Mama analia, anawaambia majirani kwamba amezaa mtu. Nanyori halii. Ananitazama mimi, hamtazami Olais. Nadhani ameshajua kwa nini nilinyamaza.

Nikasema ngoja, nikaingia ndani.

Bastola hii hapa kitandani, nimeshaikoki. Namwona kwenye ufa wa ukuta. Majani bado yako juu, hawezi kuyashusha mpaka niyapokee. Na majani hupokewa kwa mkono wa kulia. Wa kulia aliuchukua yeye! Anataka niyapokee na nini? Nikiwa na huu mmoja, ukishika kitu hauna nafasi ya kingine.

Namchukia. Naandika ili nione kama bado namchukia, naona bado. Lakini amekonda, shingo imekuwa kama ya mzee. Sikupenda kuliona hilo.

Nanyori kaingia sasa hivi. Kaiona bastola, hakuigusa. Kasema mgeni anauliza unafanya nini humu ndani. Nikamwambia amjibu naandika, avumilie kidogo.

Sina tena cha kuandika.