Fungulia Kuku Tu

Kwako Ruguru wangu,

Salamu kutoka Kianjokoma. Umezima simu, kwa hivyo Gedion yule wa kununua ndengu atakuletea hii barua. Huku ni baridi, na vidole zangu zimekuwa nyeusi kwa kuchuna majani chai.

Ulisema nitafute mwanamke mwenye afya, ati wewe ni mzigo, hata kuamka kunakushinda. Wacha hiyo maneno. Mke wa kwanza nilimzika. Wewe nakutaka hai, hata kama umelala. Sikukuchukua unifagilie nyumba.

Dawa umeze. Nguo chafu ziache hapo. Asubuhi fungulia kuku tu, halafu urudi kitandani ukitaka.

Jumamosi nakuja. Nikipata kuku bado wako ndani, nitawafungulia mimi, nitoe gambuti miguuni, nilale hapo kando yako.

Ni mimi wako,
Mutugi