Kurasa Zilizofungia Karanga

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisikilize hata kama utanicheka, mi ni mama wa mutoto mumoja, Divin, ana miezi minane, nilisoma mpaka darasa la sita tu lakini napenda vitabu, na hapa Nyakabiga Fadhila muuza karanga ananipa vile vya Kiswahili vinavyotoka Kigoma, shida ni kwamba anachana karatasi za kufungia karanga kuanzia nyuma, basi kila kitabu kinanifikia hakina mwisho.

Mwezi huu nimemaliza vitatu, kama huko ni kumaliza. Cha upelelezi kilinichosha, watu wengi mno na wote wana kofia. Cha kufuga kuku nimekipenda kuliko vyote, kwa sababu vifaranga wanakula, wanakua, na hakuna anayekimbia kwake, nimekisoma mara mbili nikimnyonyesha Divin na roho yangu ikatulia kabisa. Cha tatu ni cha mapenzi, na hicho ndicho kimeniletea matatizo.

Huwa nawasomea wenzangu kwa Mama Léoncie tukisukana nywele, na kitabu kilikatika pale bibi anamungoja bwana yake aliyepotea safarini, mwenzetu mumoja, Mawazo, ameacha kichanuo hewani, nikaona aibu kusema kurasa zimekwisha, basi nikaendelea kuangalia karatasi kama ninasoma, nikamurudisha yule bwana, nikamuvalisha shati jeupe, nikamupa na kitenge cha kumuletea bibi yake. Wakapiga vigelegele. Mi mwenyewe nilifurahi, nisikudanganye.

Lakini Mawazo alikimbia kutoka Uvira na watoto wawili, bwana yake hajaonekana mwaka wa tatu sasa, na Gélase fundi baiskeli, mutu mupole, amemuomba waoane, anangoja jibu Jumapili. Jana Mawazo ameniambia, "Mama Divin, nitamwambia Gélase apana. Kama yule wa kitabu alirudi, na wangu atarudi." Nikisema ukweli nitamuvunja roho, na wenzangu hawatanisikiliza tena. Nikinyamaza je?

Mama Divin, Nyakabiga

MSHAURI ANAJIBU

Mama Divin, kwenye kofia nilicheka, kwa Mawazo nikaacha kucheka. Huna roho mbaya. Uliona wanawake waliochoka, ukawapa furaha ya mchana mmoja. Lakini sasa mtu anaamua maisha yake na ya watoto wawili kwa ajili ya shati jeupe ulilolitunga wewe, nawe unaogopa wasusi wasikusikilize tena! Mwanangu, hilo ndilo la kukuhangaisha wiki hii?

Nenda kwake kabla ya Jumapili, mkiwa wawili tu. Beba kitabu, umwonyeshe kilipochanwa, useme, "Hapa kurasa zimekwisha, yale mengine niliyatunga mimi." Usimsingizie Fadhila. Akikasirika, kubali. Usimwambie aolewe na Gélase, wala asiolewe. Akitaka kumngoja bwana yake, ni haki yake, ila amngoje yule anayemjua, si wako wa kitabuni.

Kusoma usiache. Kitabu kikikatika, sema kimekatika, kila mmoja atoe mwisho wake, mtabishana mpaka nywele zisahaulike.

Na Mawazo akikuuliza kama wake atarudi, usimtungie tena. Mwambie hujui, kisha usiharakishe kuondoka.