Kompyuta Inayonuka Salfa

Ruangwa, Julai 2024

Kaka Ismaily,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Nachingwea, na kwamba kile kikohozi cha wifi kimetulia. Sisi huku tu wazima. Baba anakula, analala na anagomba kuhusu chumvi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza maneno. Umesema ukishauza ufuta utakuja na gari kumchukua Baba, maana mimi nimemtelekeza na kiharusi chake, nahangaika na kompyuta ya kuchezea gemu. Kaka, sitaki Baba aondoke hapa. Nisikilize kwanza, halafu uamue.

Kompyuta yenyewe niliiunganisha haba na haba. Kasha na vilivyomo nilipewa na mwenye duka la fotokopi, alikuwa anavitupa. Kadi ya picha, ile inayofanya gemu lisikwamekwame, niliagiza Kariakoo ikiwa imeshatumika, ikaja kwa basi imeviringishwa kwenye kanga. Skrini nilipewa na Doreen, mwenzangu wa kutengeneza simu, kwa kumshikia meza Jumapili akienda kanisani.

Tatizo likawa vumbi. Feni zilikuwa hazizunguki kabisa. Baba akasema mbona jambo dogo, jirani Kasmiri ana mashine ya kupulizia mikorosho, upepo wake unang'oa kofia kichwani. Kasmiri akaapa kwamba tangi halina kitu. Alipoiwasha, unga wa salfa uliobaki ukatoka wote, kompyuta ikawa njano ndani na nje, tukakohoa sote watatu mpaka machozi. Yangu yalikuwa machozi ya kweli. Baba, kwa aibu, akaomba brashi.

Alisafisha siku kadhaa. Mkono wa kulia unashika kifaa, wa kushoto unapiga brashi. Ndiyo, ule wa kushoto, ambao daktari alimwambia aufanyishe mazoezi kwa kuminya mpira, naye akajibu kwamba yeye si mtoto. Mwanzoni brashi ilikuwa inamdondoka. Nilijifanya sioni, nikaenda jikoni kulia kwa furaha. Kompyuta ikawaka, ingawa mpaka leo ikipata moto nyumba nzima inanuka shamba.

Sasa nikwambie nililokuficha. Hiyo kompyuta si yangu. Baba ndiye aliyeniomba. Alimkuta Doreen anaendesha lori la gemu kwenye simu, akasimama nyuma yake muda mrefu, na tulipofika nyumbani akaniuliza kwa sauti ya chini kama lipo la kioo kikubwa, maana macho yake ya sasa unayajua. Mtu aliyebeba korosho kwenda Mtwara maisha yake yote, tangu augue hajawahi hata kulitaja lori. Ningemkatalia vipi? Akaniapisha usijue, eti utasema mzee amerudi utotoni. Ndiyo maana ulipokuwa unanifokea sikujitetea. Maneno yale yalikuwa yake, nikayabeba mimi.

Siku hizi akishaswali alasiri anaingia barabarani. Magari ya mle ndani hupita kulia, naye hataki kusikia, anasema sheria ni kushoto. Ajali haziishi, na kila ajali anamlaumu mwenzake. Lakini vidole vya kushoto vinabonyeza, Kaka, na anacheka.

Jana aliniruhusu mwenyewe nikueleze. Anasema uje, ila gari la kumhamisha uliache hukohuko. Uje ukae pembeni yake, kwa sababu tangu ujana wake hajawahi kusafiri bila utingo, na utingo aliyemfundisha kwa mkono wake ni wewe.

Msalimie sana wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Kasmiri naye anakusalimu, japo bado anaona haya kupita mlangoni kwetu.

Mdogo wako akupendaye,
Zulfa