Shangazi Haoni, Lakini Kabati Limehama

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi maana Jumamosi haiko mbali, na tafadhali usinicheke. Mimi ni fundi saa, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, naishi na shangazi aliyenilea tangu mama alipofariki, haoni mwaka wa kumi na moja sasa, lakini nyumba anaijua kwa vidole, stuli kushoto, kabati kulia, hata chai anajipikia na hajawahi kuungua. Basi fundi simu jirani yangu kazini akaniuzia gemu ya Kijapani, ya vituko kwelikweli, kuna kijitu chenye kichwa cha birika kimefungiwa chumbani, unakisogezea makabati na viti kipate njia ya kutoka huku dari inashuka nacho kinakimbia huku na huku kikitoa mvuke, ukikosea kinabanwa pwaa! kisha kinaamka kinacheka, ukipatia mlango unafunguka na kuna chumba kingine. Maandishi yote ya Kijapani, sielewi hata herufi moja, lakini haki ya Mungu utamu wake ni kama gurudumu dogo la saa linapokaa mahali pake na saa ikaanza kutembea, ila kwenye saa naupata mara mbili kwa siku, kwenye gemu kila dakika tatu. Mchana nikirudi kula nacheza, jioni nacheza, shangazi akinisemesha namjibu "mm".

Hapa ndipo naona aibu. Nilikwama chumba cha ishirini na sita siku nne nzima, nikaona nikipange pale sebuleni kwa vitu vya kweli, nikahamisha stuli na kabati, nikaiona njia, nikashangilia, nikaenda kazini bila kurudisha kitu. Shangazi akaanguka, goti likavimba. Aliponiuliza nani kahamisha stuli nikamwambia, "Hakuna aliyehamisha, shangazi, umepotea mwenyewe." Dada yangu alipopiga simu nikamwambia hivyo hivyo, kwamba shangazi siku hizi anapotea.

Tangu siku ile kila mchana nakuta kitu kimehama. Leo kiti, kesho meza, mara kabati, na shangazi kakaa kauelekea mlango. Nikifungua gemu, chumba kipya ambacho sijawahi kukiona kimepangwa vile vile kama sebule yetu. Vile vile, mshauri! Na kijitu hakikimbii tena, kinatembea kimenyoosha mikono mbele, kinapapasa ukuta. Jana nimekuta vitu vyote vimezunguka kiti changu, umebaki upenyo wa mtu mmoja, nikaingia nikakaa, sijui hata kwa nini, naye akasema bila kugeuka, "Haya, zamu yako." Nimemwambia dada, naye kasema basi, akili ya shangazi imeruka, Jumamosi anakuja kumchukua. Je, nimwache aende, au niitupe gemu?

Ni mimi, fundi saa ninayeogopa kwenda kula kwangu.

*

Fundi, pole. Nimekusoma mara mbili, na mara zote mbili niliyemwonea huruma zaidi ni huyo mama mwenye goti. Kijitu umekieleza mpaka mvuke wake, goti umelipa maneno mawili. Hivi huoni haya, baba?

Wewe unaogopa nini? Mtu asiyeona umemfanya ukuta, siku nzima husemi naye, lakini masikio anayo. Mafundi nawajua, baba yangu alikuwa mmoja: mkishika kitu mnajisemea, hiki huku, kile kule. Anakusikia. Ameona gemu ndiyo kitu pekee unachokijibu, akaingia humo humo kukutafuta. "Zamu yako" ni neno la mtu anayecheza na mwenzake. Tena amekuonyesha kwamba anajua fika nani alihamisha stuli. Njia ya mwongo ni fupi.

Kuhusu vyumba kupangwa kabla hujavifungua, hapo sijui. Nimemuuliza mpwa wangu anayecheza gemu hizo, naye akaniomba nisimuulize tena. Sitajifanya mjuzi. Lakini usijifiche nyuma ya usilolijua.

Gemu usiitupe. Kwanza mpigie dada yako, leo, kabla ya kula: "Shangazi hakupotea, mimi nilihamisha stuli nikasema uongo." Usiongeze maneno. Kisha nenda nyumbani, upige magoti, umwombe radhi shangazi. Rudisheni vitu pamoja, mkono wake begani kwako, yeye aamuru. Jioni mweleze kila unachokiona kwenye kioo cha gemu, na usiguse kitufe mpaka aseme. Kile kinachopapasa ukuta, huenda yeye anajua kinatafuta nini.

Usipopiga simu hiyo, Jumamosi atatolewa kwenye nyumba anayoijua kwa vidole apelekwe kwenye nyumba asiyoijua hata mlango wake. Huko atapotea kweli, na ule uongo wako hautakuwa uongo tena.