Siku Moja Pungufu

Jumatatu, 3 Oktoba

Mvua. Merikebu mbili za chumvi zimeingia bandarini. Kabla ya adhuhuri amefika kwenye baraza la mji msimamizi wa shamba moja la huko bara, jina lake Dethmar, matope hadi magotini. Anamtaka mtu wake: Himot, mchukuzi wa chumvi, mtoro. Kama mwandishi wa baraza nimeyaandika madai, nimeweka tarehe. Shauri litasikilizwa kesho.

Sheria ya mji ni fupi. Mtoro akikaa ndani ya kuta mwaka mmoja na siku moja kabla hajadaiwa, yuko huru. Himot anasema muda umeshapita. Sina la kuongeza.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimefanya jambo la aibu. Niliandike lilivyokuwa.

Himot alisema aliingia mjini mwaka jana, siku moja baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, yaani Septemba thelathini. Wachukuzi wawili wakamuunga mkono. Walikuwa wanadanganya, na walikuwa wamejipanga vizuri. Mzee Everd, mkuu wa baraza, alishaanza kuvaa glovu zake. Ilibaki kugonga kengele ya kufunga shauri tu.

Nami nikasema, bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye karatasi: si Septemba, ilikuwa Jumapili, tarehe tatu Oktoba, nilikuwa natoka misa.

Hakuna aliyeniuliza! Mdomo ulijiendea wenyewe, kama mkono unavyofuta doa la wino.

Kwa hesabu hiyo muda wake unatimia leo. Madai yaliandikwa jana. Siku moja pungufu.

Nakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyemtekea maji kwenye kisima cha gurudumu. Alikuwa na kiatu kimoja. Aliuliza kama hapa ndipo Tallinn, wanavyopaita watu wake. Nikamwambia ndiyo, ni Reval, kunywa. Tarehe imo humu, kurasa za mwaka jana. Nimeitazama tena. Sikukosea.

Himot amefungwa mnarani.

Neno bila kiapo ni upepo. Ijumaa nitatakiwa niweke vidole viwili juu ya sanduku la masalia ya mtakatifu, nilirudie.

Jumatano, 5 Oktoba

Sokoni. Ello, mke wa Himot, anauza samaki wa moshi. Aliniona kabla sijamwona.

"Karibu, bwana mwandishi! Leo tarehe ngapi?"

Nikajidai natazama samaki.

"Jamani, leo hajui! Mume wangu angeingia siku ambayo huyu hajui, saa hizi tungekuwa nyumbani tunakula."

Wenzake wakacheka. Muuza kabichi akataka kujua kama nimeandika pia siku aliyozaliwa mbuzi wake. Nikanunua samaki sita ambao sikuwahitaji. Ello akahesabu sita, kisha akanitupia wa saba. "Huyo ni wa siku iliyopungua."

Mtoro aliyerudishwa shambani mwaka juzi alikatwa mguu wa kulia. Hilo nalo niliandika, kwa mwandiko mzuri.

Jioni Mzee Everd akaniita kwake. Hakunipa kiti.

"Nani alikuuliza, Wolter?"

Hakuna, nikasema.

"Merikebu mbili ziko bandarini, bahari inakaribia kuganda, wachukuzi wamekalia magunia hawainuki. Kwa ajili ya ulimi wako! Ijumaa sema ulichanganya siku. Mzee kama wewe, nani atashangaa?"

Mzee kama mimi! Nikamwambia kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyekuta tarehe ya uongo kitabuni mwangu. Nikisema nimekosea hii, kila hati ya nyumba na ya mirathi mjini humu itatiliwa shaka. Ni kweli. Lakini sicho kilichoniuma. Kilichoniuma ni kuitwa mzee anayesahau. Mtu anakaribia kupoteza mguu, mimi nalinda sifa ya kumbukumbu yangu.

Alhamisi, 6 Oktoba

Dethmar ameleta pipa dogo la siagi. Shukrani, anasema. Nilikataa. Akaliacha mlangoni.

Nimeila. Kwa mkate, vipande vitatu. Siagi nzuri sana. Naandika ili nisije nikajidai baadaye kwamba niliirudisha.

Ijumaa, 7 Oktoba

Chumba cha nje cha baraza, kwenye benchi. Ndani ameketi mwandishi wa kanisa mahali pangu, kwa kuwa shahidi haandiki kiapo chake mwenyewe. Mkokoteni wa Dethmar uko chini barabarani, farasi ameshafungwa. Kamba imo.

Wamemleta Himot, minyororo miguu yote miwili. Benchi ni moja. Akasogea.

"Kaa, mzee wangu. Umelala?"

Hapana, nikasema.

"Mimi nimelala. Mnarani hakuna magunia." Akacheka peke yake. Kisha akasema, "Ello ananilaumu. Anasema yale maji ningemwomba mtu mwingine. Nimemwambia niliwaomba. Wote walipita."

Nikamuuliza kama minyororo inambana. Akasema kidogo.

Kiapo nimekifanyia mazoezi tangu alfajiri, kwa njia zote mbili. "Jumapili" inatoka bila kukwama. "Nilikosea" sijaimaliza hata mara moja — neno moja tu, na watoto husema kila siku!

Mlango umefunguliwa. Wameniita. Himot amesogeza miguu ili nipate njia. Minyororo inapiga kelele sakafuni.

Wameniita mara ya pili. Himot ananigusa kiwiko: "Wanakuita, mzee." Najua. Namalizia mstari huu tu —