Baba Anajifunza Kufunga Skafu

Dada yangu mpenzi,

Kama bahati ingekuwa mvua, mtaa mzima ningelowa mimi peke yangu. Mdogo wako nimechaguliwa kiongozi wa kikosi cha skauti! Mimi huyu huyu Spika, mziba pancha mwenye vidole vyeusi, niliyeiacha shule kabla shule haijaniacha. Kaa kwanza, umeze mate, ndipo uendelee kusoma.

Ila salamu ni haki yako. Hujambo huko wodini? Miguu imepungua uvimbe wa kusimama kutwa? Wagonjwa wanakusikiliza, au bado wanakubishia dawa kama nilivyokuwa nakubishia mimi? Sisi tu wazima, hatuna la kulalamikia ila paa la jikoni, na hilo unalijua tangu hujaondoka. Barua hii nampa dereva wa gari la dawa. Ameapa atakupa mkononi. Simu nimeikwepa, na sababu utaiona.

Sasa sikia uchaguzi ulivyokuwa. Kwetu hakuna kura za karatasi. Wagombea wanasimama wameuelekea ukuta wa ukumbi, mikono nyuma, halafu kikosi kizima kinakwenda kujipanga mgongoni kwa yule kinayemtaka. Marufuku kugeuka mpaka filimbi ilie. Tulikuwa wawili tu: mimi, na binti wa muuza mkaa tunayemwita Sindano, mwembamba, maneno yake ya wiki nzima unayaweka kwenye kiganja. Nilimwonea huruma. Nikamnong'oneza asilie, nitampa unaibu. Mara nikasikia viatu nyuma yangu, dada, viatu kama ng'ombe wanaotoka zizini! Nikajiambia, wee bwana, kumbe unapendwa hivi. Filimbi ikalia, nikageuka.

Tangu siku hiyo kikosi kinakwenda vizuri. Sindano anapanga zamu za maji, anawafundisha wadogo mafundo ya kamba, anakagua mahema. Mimi nasimamia kwa macho; mtu aliyetembea dunia kama mimi, mpaka mji wa pili kwa lori la matairi, hajichoshi ovyo. Juzi niliwaamuru wakunje hema kubwa. Wote wakamtazama Sindano kwanza. Alipoitikia kwa kichwa, ndipo wakakunja. Nidhamu ya hali ya juu.

Ila habari kubwa ni ya baba. Unajua ulivyomwacha. Tangu tumzike mama, cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, wateja wanakuja kuchukua vitambaa vyao vikiwa vitambaa vile vile, naye anakaa ukingoni mwa kitanda na kuutazama ukuta kana kwamba unadaiwa jibu. Siku ile ya uchaguzi nilimkuta hapo hapo. Akaniuliza imekuwaje, wala hakugeuza uso. Nikamwambia nimechaguliwa.

Dada, baba aliinuka. Aliivuta ile shuka, akapiga chafya kwa vumbi, akasema leo debe tupu limetiwa kitu, akaniamuru nisimame sawasawa anipime mabega. Kinyozi wa jirani alikuja na wembe mkononi kuuliza nani anashona. Sare yangu imekwisha, ina mistari mitatu myeupe mfukoni, ile ya kiongozi wa kikosi, imenyooka utadhani imepigwa rula. Na kwa mori huo huo amemaliza magauni ya wateja waliokwisha kukata tamaa, na sasa anapokea kazi mpya.

Tena kwetu skauti kiongozi mpya hafungwi skafu na mkuu wa kikosi, yule mlezi wetu. Anafungwa na mzazi wake, uwanjani, wote wakitazama. Ni Jumamosi hii. Baba anafanya mazoezi: anaivalisha cherehani skafu shingoni, anafunga, anarudi nyuma, anakunja jicho moja, anafungua, anafunga tena. Ananiuliza kama ile kona ya mgongoni imekaa katikati. Jana alinyoa ndevu. Alisema mama angekuwepo angefunga yeye, kwa hiyo mikono yake haina ruhusa ya kutetemeka.

Simu nimeikwepa kwa kuwa sauti yangu unaijua, ungenikamata kabla sijamaliza salamu. Vile viatu, dada, vilinipita. Nilipogeuka, mgongoni kwangu palikuwa na sakafu. Hata mtoto wa mjomba, ninayemzibia pancha bure, alikuwa kwenye foleni ya Sindano, anaangalia kamba za viatu vyake.

Kila asubuhi nasimama mlangoni nimwambie baba. Anainua kichwa, pini mdomoni, anatabasamu, na mimi naishia kumuuliza kama nimletee maji. Nilimwendea mkuu wa kikosi. Akasema wa kumwambia baba yangu ni mimi. Nikamwendea Sindano, nikamsihi anikopeshe Jumamosi moja tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kama uongozi ungekuwa wake angenipa, lakini ni wa wale waliosimama nyuma yake, na mama yake naye ameshafua gauni la kuja kumfunga skafu. Kweli tupu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu inaishia uwanjani. Nikisema, shuka inarudi juu ya cherehani. Nisiposema, baba atatembea mpaka katikati ya uwanja na skafu mkononi, na hakuna atakayemwita. Mimi mwenye maneno ya kujaza lori, dada, sina hata moja. Na dereva ameniambia huenda akakufikia wiki ijayo, kwa hiyo hata wewe sikuombi kitu. Nilitaka tu mtu mmoja ajue.

Wasalimie wauguzi wenzako wote, hasa yule mcheshi anayenicheka kwenye simu. Baba anakusalimu sana. Sasa hivi namsikia anapiga mluzi huku anapiga pasi suruali yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Spika.

Sikuchaguliwa.