Tuliuita Mzio

Jumanne, 5 Machi
Leo kwa daktari wa ngozi. Mama amechoka kunisikia nikijikuna kama mbuzi ukutani. Chumbani kwa daktari kuna bango kubwa: ukurutu, choa, mba, chunusi, mbalanga. Chini ya kila neno, jina lake kwa Kiingereza. Nilisoma yote ili nisimtazame mtu usoni.

Akanikagua katikati ya vidole kwa lenzi. Vimistari vidogo — njia za wadudu! Kwenye cheti akaandika scabies. Linasikika kama jina la duka la viatu. Kwa Kiswahili ni upele tu.

Akasema si uchafu, hata mtoto wa waziri anapata. Dawa wapake wote wa nyumbani siku moja, shingo mpaka nyayo, walale nayo, waoge asubuhi. Baada ya wiki, tena. Na yeyote niliyegusana naye sana atibiwe. Mama akauliza, hata asiyejikuna? Hata asiyejikuna, mama.

Hapo hapo nikamfikiria Jirani. Tunakaa dawati moja, ndiyo maana tunaitana hivyo. Sweta langu analivaa yeye kuliko mimi.

Njiani mama akasema: mtu akikuuliza, sema mzio. Mzio wa sabuni. Umesikia?
Nimesikia.

Jumatano, 6 Machi
Jana nyumba nzima tulipakwa. Baba akagoma, eti yeye hajikuni. Bibi akamwambia, hata kama una ngozi ya kiboko, vua shati. Akavua! Tuling'aa wote kama samani zilizopigwa vanishi. Leo shuka zimechemshwa, zimejaa kamba nzima.

Bado nawashwa. Daktari alisema mwasho hubaki wiki kadhaa hata wadudu wakishakufa.

Ijumaa, 8 Machi
Jirani aliuliza daktari kasemaje. Nikasema mzio. Wa nini? Sabuni. Akasema pole weee.

Leo kaniletea sabuni ya mtoto, isiyo na manukato. Kamega nusu ya kipande cha mdogo wake. Nikasema asante. Nilitamani dawati linimeze.

Jumatano, 13 Machi
Jirani anajikuna. Viganjani, kiunoni. Akacheka: nadhani umeniambukiza mzio wako.
Mzio hauambukizi, nikamjibu. Kwa sauti ya mtaalamu kabisa! Ni kweli tupu, na ni uongo mtupu.

Ijumaa, 15 Machi
Ameenda duka la dawa, akawaambia ana mzio. Wakampa krimu ya mzio. Nimesoma kijikaratasi chake wakati wa mapumziko: hupunguza mwasho, haiui wadudu. Yeye anafurahi, anasema usiku analala sasa.

Halafu akasema, mdogo wangu naye katoka vipele nyayoni, namgawia kidogo.

Mdogo wake ana miezi mitatu. Wanalala kitanda kimoja.

Sikula mchana.

Jumamosi, 16 Machi
Asubuhi nilimwambia mama: nataka nikamwambie Jirani ukweli. Mama alikuwa anapima kiuno cha gauni la mteja, pini mdomoni. Akazitoa moja moja.
— Nashona nguo za watu mimi. Wakisikia upele, nani ataniletea kitambaa?
Nikasema kuna mtoto mchanga. Akasema watoto wote hutoka vipele. Lakini hakunitazama. Bibi akakohoa tu, akaendelea kuchambua mchele.

Nimetoka bila kuaga. Mimi!

Naandika hapa kibarazani kwa kina Jirani. Daftari nimelibeba nipate kitu cha kushika. Mama yake alifungua mlango, shikamoo mama, marahaba mwanangu, mbona umesimama kama mgeni? Mtoto yuko begani, mikono imevalishwa soksi asijikwaruze. Nikasema yote kwa mkupuo, nikiangalia zile soksi. Si mzio. Ni upele. Umetoka kwangu. Mumpeleke mtoto kwa daktari, msimpake chochote mpaka amwone.

Jirani alikuwa nyuma ya pazia, kasikia. Akasema: na sabuni yangu ulipokea? Nikasema ndiyo. Basi. Ameketi ngazi ya chini, kanipa mgongo. Anajikuna kiwiko. Nimemwambia asitumie nguvu. Ameniambia ninyamaze.

Mama yake hajafoka. Kauliza tu: una hakika? Maana mama yako jana kanichukua vipimo, na mtoto kampakata yeye mwenyewe, akasema ni joto.

Sikujua hilo. Jana!

Sasa anampigia mama yangu simu. Ameiweka spika. Nasikia cherehani ikisimama upande wa pili, kisha sauti ya mama, ile tamu ya wateja: aa, mama, huyo binti yangu ana maneno, ule ulikuwa mzio wa —

Jirani amegeuka. Mama yake ananinyooshea simu.